Paji la Mwalimu Tabitha

Kamunyonge, pale barabara ya vumbi inapokata kona kuelekea ziwani, kuna benchi la ubao mmoja mrefu uliong'olewa ubavuni mwa boti iliyokufa. Boti ile iliitwa ACHA WASEME, ila fundi aliyeukata ubao alikuwa na msumeno mkali na hakuwa na habari ya kusoma, kwa hiyo yaliyobaki ni ACHA WASE, na kijiwe kikapata jina. Kila saa kumi jioni Petronila huweka birika lake kwenye jiko la mkaa, hupanga vikombe na kashata, na wenye benchi lao hukusanyika kutatua matatizo ambayo hakuna aliyewaomba wayatatue. Yupo Abednego, mtendaji wa kata mstaafu, anayeitwa Kikao kwa sababu hata akiwa peke yake hufungua kwa ajenda. Yupo Robi, muuza dawa za mifugo kutoka upande wa Bunda, anaitwa Josho. Yupo Evance wa bodaboda, anaitwa Bando, kwa kuwa elimu yake yote hukoma pale bando la simu linapokwisha. Na yupo Clementi, fundi wa injini za boti, anayeitwa Plagi. Jumamosi hii yeye ndiye aliyekuwa mfiwa, ingawa hakuna aliyekufa.

Alifika amechelewa, akaketi bila salamu, akapokea kikombe na kukishika tu.

— Hali ya hewa vipi huko nyumbani? akauliza Bando.

Swali hilo lilikuwa na maana yake. Kwa miaka kumi na moja Clementi alikuwa akilisoma paji la uso la mkewe, Tabitha, mwalimu wa darasa la nne kule Buhare, na kijiwe kizima kilikuwa kimekariri masomo yale. Kunyanzi moja katikati ya nyusi: ingia, salimia, kaa mbali kidogo. Mbili: ingia, usiulize chakula. Tatu, na mapazia yamefungwa: usivue hata viatu, geuka urudi kijiweni unywe kahawa mpaka mambo yatulie. Clementi alijivunia sana elimu hiyo. Wanaume wengine, alisema, hulowa kwa sababu hawatazami mawingu. Yeye hajawahi kulowa.

— Hakuna hali ya hewa, akajibu. Wiki ya tatu hii. Paji limenyooka. Hakuna moja, hakuna mbili, hakuna tatu. Naingia ananitazama, na mimi namtazama, sijui nikae au nikimbie.

— Bado tu? akashangaa Josho.

— Bado. Jana nimeweka kabureta ya mteja juu ya meza yake ya kusahihishia. Grisi mpaka kwenye madaftari ya watoto. Nikamwangalia usoni. Kimya. Akasema, "Chukua kitambaa ufute."

— "Chukua kitambaa ufute," Kikao akarudia taratibu, kama anayeandika kumbukumbu. Hakuongeza kitu?

— Hakuongeza.

— Hiyo ni mbaya.

Chanzo cha balaa kilikuwa kinajulikana. Tabitha alikwenda Mwanza siku tatu, akarudi na alama ndogo ndogo za sindano kwenye paji na kwenye panja. Alipoweka mkoba chini alisema, "Nimechomwa sindano. Daktari anasema zitanisaidia." Clementi akamuuliza kama amekumbuka kumnunulia plagi za injini. Alikuwa amekumbuka. Kesho yake Bando akazitafsiri zile alama kwenye simu: botoksi! Sindano ya mastaa, ya kunyoosha sura. Tangu siku hiyo shauri lilikuwa halijatoka mezani.

— Mimi nilishasema, akaanza Bando. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili haendagi Mwanza kunyoosha uso ili aonwe na mtu mwenye grisi kwenye masikio. Shemeji yangu namheshimu, lakini kuna mtu.

— Mtu gani? akauliza Petronila bila kuinua macho kwenye mkaa.

— Mtu. Mwenye gari. Plagi, hebu taja dalili zingine, usifiche, hapa ni kwenu.

Clementi akainua kidole cha kwanza. Dalili alikuwa nazo, na zilikuwa zimemkaa rohoni.

— Anafungua mapazia. Mchana! Zamani akiwa nyumbani yalikuwaga yamefungwa siku nzima, unaingia unajigonga kwenye kabati. Sasa hivi jua linaingia mpaka chini ya kitanda.

— Anataka aonekane, akasema Bando.

— Halafu redio. Huyu mtu jirani akiwasha redio alikuwaga anataka kuhama mtaa. Sasa anawasha mwenyewe, na anaimba.

— Anaimba nyimbo gani?

— Za kwaya.

— Wanaanziaga hapo hapo, Josho akatikisa kichwa.

— Na anakaanga samaki. Miaka yote nilikuwaga nakula sato wa kuchemsha, anasema harufu ya mafuta inamkera. Juzi nafika, nakuta sato amekaangwa mpaka mkia unavunjika wenyewe.

Hata Kikao alishusha kikombe.

— Ukamla? akauliza Petronila.

— Nilimla. Kwa woga.

— Alikuwa mtamu?

— Sana. Ndo maana nikaogopa.

Josho akaona zamu yake imefika. Akajivuta mbele, akakunja mikono ya shati kama anayetaka kumshika ndama.

— Nyie mnaongelea wivu, mimi naongelea uhai. Hiyo kitu mnaita ya urembo, mimi naijua kwa ng'ombe. Ng'ombe akikosa madini anatafunaga mifupa ya mizoga. Kwenye mzoga kuna kijidudu, kinatengeneza sumu. Ng'ombe analegea miguu, analegea ulimi, analala chini anakutazama tu, hana hasira, hana furaha. Sasa wataalamu wamechukua sumu hiyo hiyo, tone dogo sana, wanamchoma mtu, msuli unalegea. Hiyo ndo botoksi.

— Wewe Robi acha uongo, akasema Kikao.

Bando alikuwa tayari ameinamia simu. Alisoma, akasoma tena, akainua uso.

— Aisee. Ni kweli. Imeandikwa hapa.

Mtu akipatia jambo moja pale kijiweni huwa hashikiki. Josho, ambaye hakuzoea kuthibitishwa, akapanda juu zaidi.

— Sasa piga hesabu. Wiki ya kwanza limelala paji. Ya pili nyusi. Mwezi ujao mkono. Mpaka Pasaka mwalimu hashiki chaki. Na nyie mnajua ng'ombe akishalala hainuki tena.

Clementi akakizungusha kikombe mkononi. Alijiambia kuwa Josho ni Josho, mtu aliyewahi kuapa kuwa kiboko wa Suguti anaelewa Kijita. Lakini mambo ya sumu yalimwingia.

— Nyie watu, akasema Petronila, chumvi nayo mtu akila ndoo nzima atakufa. Mbona kwenye samaki mnaitafuta? Tone ni tone.

— Na ya midomo je? akadakia Bando. Kuna wanawake Dar wamechoma mdomo umekuwa hivi.

— Hiyo ni nyingine, akasema Josho kitaalamu. Ya mdomo inajaza, hii inalegeza. Usichanganye madawa, utaua mfugo.

Kikao akakohoa. Alipokohoa hivyo, wote walijua ajenda kuu imewadia.

— Ndugu wajumbe. Mmoja anasema mapenzi, mwingine anasema mzoga. Mnajadili pembeni. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, Tabitha ameziba ufa. Ukuta atajenga nani? Clementi.

— Hiyo methali haina maana hiyo, akasema Petronila.

— Methali ni ya aliyeishika. Sikilizeni. Tabitha yuko kwenye kikoba cha walimu. Wako wanawake ishirini. Mmoja akinyoosha paji ni urembo. Ishirini wakinyoosha ni uasi! Mwanamume ataongozaje nyumba asiyoweza kuisoma? Tena haitaishia hapo. Itafika Mwigobero kwa wauza dagaa. Wewe unapunguza bei, unamtazama usoni uone kama ameumia, huoni kitu. Itafika kwenye posa. Mnakwenda Butiama kuposa, wazee wa upande wa pili wameshachomwa wote. Mnataja ng'ombe watatu, hawashtuki. Mnataja kumi, hawashtuki. Mnajikuta mmetoa zizi zima, mnatafuta tu hata mmoja akunje uso!

— Na sisi Wakurya je? akalia Josho. Tukinyooshwa mapaji, ukali wetu tutauweka wapi?

Wakacheka mpaka ubao ukalia. Clementi naye alicheka, lakini kicheko kilimwishia njiani. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu, na haikuwa hofu ya kugombezwa. Alihofu kwamba katika nyumba yake kulikuwa na mwanamke anayeimba, mwenye uso laini, anayepika vizuri, na yeye hamjui. Alimpenda Tabitha. Hilo hakuwahi kulisema kijiweni kwa sababu halikuwahi kuwa ajenda.

— Azimio, akasema Kikao. Lifanyike jaribio. Clementi umwandikie ujumbe sasa hivi, kitu ambacho hata malaika angekasirika. Tupime.

— Asubuhi alikuambiaje? akauliza Bando.

— Alisema niwahi. Amepata sato mkubwa.

— Basi safi! Andika: "Usinisubiri. Nakula kijiweni."

— Samaki mkunje angali mbichi, akamhimiza Kikao.

Clementi akaandika kwa kidole kinachoteleza. Akafuta. Akaandika tena. Bando akanyoosha mkono, akabonyeza yeye. Ujumbe ukaenda, na wanaume wanne wakakitazama kioo cha simu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Haukupita muda simu ikatetemeka.

— Soma, akaamuru Kikao.

— "Sawa. Nitakufunikia."

— Hiyo sawa ina nukta?

— Ina nukta.

— Yesu wangu, akasema Bando. Sawa ya mwalimu, yenye nukta! Plagi, usirudi leo. Nina godoro.

— Na atakufunika na nini? akauliza Josho kwa sauti ya chini.

— Samaki! akafoka Petronila. Atamfunikia samaki! Jamani, sahani hufunikwa na nini huko kwenu?

Walikuwa bado wanaichambua ile nukta wakati mwanamke mmoja alipokuja kutoka upande wa barabara kuu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amejifunga kitambaa kichwani, kimekazwa sana na fundo likiwa mbele, juu kabisa ya nyusi. Kwa mkono mmoja alikinga macho, ingawa jua lilikuwa limeshaanza kupoa. Kwa mkono wa pili alibeba kuku aliyefungwa miguu. Akasimama kwenye kivuli cha kibanda cha Petronila kabla ya kusema neno.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, wakajibu wote, hata Bando, ambaye hakuwa na haki hiyo.

— Naulizia kwa Mwalimu Tabitha, anayefundisha Buhare. Nimeambiwa anaishi huku huku Kamunyonge.

Macho yote yakamgeukia Clementi, kisha yakaondoka haraka kama yamemkuta uchi. Kikao akatoa ile sauti yake ya ofisini.

— Unatokea wapi, mama, na shida ni nini?

— Natoka Bunda. Naitwa Rebeka. Tulikaa na mwalimu benchi moja kule Mwanza, kwa daktari wa kichwa. Wote tulikuwa tuchomwe siku moja. Mimi nikaogopa. Yeye akaniambia, "Rebeka, natangulia. Ukishapita mwezi nami sijafa, uje uniulize." Nilikuwa mlangoni anachomwa. Sindano thelathini na moja! Alizihesabu kwa sauti, moja, mbili, kama anaita mahudhurio darasani. Sasa daktari anarudi Jumatatu. Mwezi haujaisha, lakini siwezi kusubiri, nataka kusikia kabla sijaenda.

— Daktari wa nini umesema? akauliza Bando.

— Wa kichwa. Kipandauso.

— Siyo... siyo za urembo?

Rebeka akacheka, na kicheko kikamuuma, akashika upande wa kichwa.

— Nani achomwe kisogoni na mabegani kwa urembo, baba? Dawa ni hiyo hiyo, kweli, wapo wanaochomwa kunyoosha sura. Ila daktari alisema sisi ni kwa ajili ya maumivu. Wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii, na baada ya miezi mitatu unarudi. Hilo la uso kunyooka alituambia ni nyongeza tu.

Josho aligundua kuwa kuna kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Petronila akaelekeza kwa mwiko.

— Mume wake huyo hapo. Mwenye grisi.

Uso wa Rebeka ukachangamka. Akapiga goti kidogo, kuku akapiga mbawa.

— Jamani, shemeji! Shikamoo. Basi sina haja ya kwenda mbali, wewe ndo utaniambia. Kichwa kimeacha?

Clementi alijua Tabitha anaumwaga kichwa. Alijua kama mtu anavyojua bati la nyumba yake linavuja: analijua, anahamisha kitanda, maisha yanaendelea. Hakuwahi kukihusisha kichwa na paji. Paji lilikuwa lake yeye, la kumpa habari zake yeye.

— Anafungua mapazia, akasema polepole.

— Mchana?

— Mchana.

— Kwa hiyo mwanga haumchomi, akasema Rebeka, akasogea karibu. Eeh, endelea.

— Anawasha redio. Anaimba.

— Kelele hazimuumizi! Na harufu je?

— Anakaanga samaki.

Rebeka akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa, pale pale kwenye zile herufi za ACHA WASE, akajifunika mdomo na kiganja. Machozi yakamtoka bila kizuizi.

— Basi kimeacha. Mungu wangu, kimeacha. Mimi miaka sita sijakaanga kitu ndani ya nyumba yangu. Watoto wangu wananong'ona kama wako matangani. Nikikunja uso mume wangu anadhani nimemnunia, anaondoka, ananiacha gizani peke yangu.

Hakuna aliyemtazama Clementi, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Kunyanzi tatu na mapazia yamefungwa. Siku zile zote, miaka yote ile, mkewe hakuwa amemkasirikia. Alikuwa amelala chumbani anaumwa, kitambaa kimekazwa kichwani, akisubiri kipite. Na mumewe alikuwa hapa kwenye ubao huu, kikombe mkononi, anawafundisha watu namna ya kuepuka mvua. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Rebeka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akamgeukia tena na uso wa mtu anayetaka kusimuliwa mazuri.

— Hebu niambie, shemeji. Siku ile ya kwanza alipoamka kichwa hakipo, alikuambiaje?

Clementi akamtazama Bando. Bando akaitazama simu, na simu safari hii haikuwa na la kusema. Clementi akamtazama Josho. Akamtazama Kikao. Kikao, aliyewahi kuwa na methali ya mazishi kwenye harusi na ya harusi kwenye mazishi, akainua kidole.

— Mgeni njoo... akaanza, kisha akaona haya kuimalizia.

Petronila akalitikisa birika. Likatoa sauti ya machicha.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Clementi akakiweka kikombe chake chini. Kilikuwa kimejaa, hakuwa amekinywa hata funda. Akamchukua kuku mkononi mwa Rebeka, akatoa simu, akaandika kwa dole gumba moja, na mara hii hakuna aliyemsaidia: "Usifunike nakuja tuna mgeni." Hakukumbuka kuweka nukta.

— Twende, shemeji, akamwambia Rebeka. Tukamuulize mwenyewe.

Bando akauliza godoro lisitandikwe? Petronila akampiga na kitambaa cha kufutia vikombe.

Wakashuka na barabara, Clementi mbele upande wa jua ili kivuli chake kimkinge mgeni macho, kuku akimpaka manyoya kwenye grisi ya shati. Kabla hawajafika kona ya mwisho redio ilishasikika, na harufu ya mafuta ya samaki, na sauti ya Tabitha ikiifuata kwaya kwa kuikosea. Clementi alikuwa analipanga swali mdomoni. Lilikuwa na maneno matatu tu, kichwa kinaendeleaje, Tabitha, akayarudia chini chini kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, na kwa miaka kumi na moja yote hakukumbuka siku hata moja aliyowahi kuyasema.